Alama Nne Nilizompa Shemeji

Bahari sijaiona. Naliweka hilo mbele mapema, mtu asije akaniuliza ina rangi gani. Maji makubwa kuliko yote niliyoyaona kwa macho yangu ni Ziwa Eduard, nalo nililiona mara moja tu, nikiwa juu ya lori, nikitetemeka kwa homa. Lakini kuhusu ule mchezo wa kupanda mawimbi, watu wanasimama juu ya ubao na kuteremka ukuta wa maji, nadhani kutoka Kipese mpaka Kamango hapakuwa na mtu aliyeujua kuliko mimi. Naongeza chumvi kidogo. Labda kulikuwa na mmoja Kamango.

Ujuzi huo niliuokota kwenye kibanda changu cha kuchaji simu hapa Butembo, katikati ya mteremko ambao malori hushuka yakilia na watu hupanda wakinung'unika. Juu ya bati nina paneli za jua, chini nina betri, na kwenye rafu nina televisheni ndogo ninayoiwasha mchana ili wateja wasinune wakingoja simu zao. Siku ambayo hakuna mpira, chaneli ya michezo huonyesha chochote ilichonacho. Kuna msimu ilionyesha mawimbi karibu kila siku baada ya saa sita, na mtangazaji wake alikuwa mtu wa kueleza, Kifaransa chake kimenyooka kama cha mwalimu wa hesabu. Mimi diplome d'État, cheti cha kumaliza sekondari, niliipata kwa masomo ya jioni, tayari nina ndevu na watoto wawili, na aliyesoma jioni ana ugonjwa wake: akijua kitu, hawezi kulala nacho. Lazima amfundishe mtu kabla hakijapoa.

Niliowafundisha ni watu wa chukudu. Chukudu, kwa asiyeijua, ni pikipiki iliyosahau injini nyumbani: mbao nene, magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu, usukani kama pembe za ng'ombe, na kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma ambacho ndicho breki, unakikanyaga. Inabeba viazi, kabichi, saruji, na siku moja niliona moja imebeba kabati, na ndani ya kabati alikuwamo mwenye kabati. Kwenye kupanda, unaisukuma. Kwenye kushuka, unapiga goti ubaoni, unaachia, unamwachia Mungu.

"Ule anashuka mulima ya maji," mmoja wao alisema siku ya kwanza, akiangalia televisheni. "Sisi tunashuka mulima ya udongo. Tofauti iko wapi?"

"Yeye akianguka, anaangukia maji," mwenzake akamjibu. "Wewe unaangukia matofali ya batu."

"Mais anabeba nini, ule mutu?" wa kwanza akauliza, kwa "mais" yake ya Kifaransa, yaani lakini.

"Anajibeba yeye mwenyewe."

"Na banamulipa?"

Walicheka mpaka simu moja ikaanguka kwenye rafu. Nami nikaona wanafunzi wangu wamefika.

Nikawaeleza alama. Waamuzi ni watano, kila mmoja anatoa kuanzia sifuri mpaka kumi. Alama ya juu kabisa inakatwa, ya chini kabisa inakatwa, zile tatu zinazobaki zinajumlishwa na kugawanywa. Hivyo mwamuzi mwenye chuki hawezi kumzamisha mtu, wala mwenye upendo hawezi kumwinua. Na katika mawimbi yote ambayo mtu amepanda, yanahesabiwa mawili bora tu. Mengine yanatupwa, hata kama alianguka kama gunia la makaa.

Kilichowapendeza zaidi ni uzito wa kila mbinu. Mtu anaweza kupanda wimbi tangu linapoanza mpaka linapokufa, amesimama wima kama askari wa gwaride, akapata mbili. Amefika, lakini hakufanya kitu. Akishuka mpaka chini ya ukuta wa maji, akageuka kwa nguvu, akapanda tena mpaka juu na kuukata ukingo maji yakatawanyika, hapo waamuzi wanashika kalamu. Akirudia kitu kilekile kila mara, alama haipandi sana. Wanataka mbinu tofauti, tena moja izae nyingine bila yeye kusimama kufikiri. Akiruka hewani na ubao wake, akazunguka, akatua na kuendelea, anavuna nyingi, kwa sababu angeweza kuvunjika. Lakini akiruka vizuri kama ndege kisha akatua kwa makalio, ile mbinu haikuwepo, isiyomalizika haihesabiwi. Na yenye heshima kuliko zote ni bomba. Wimbi linajikunja, linamfunika, anapotea ndani ya shimo la maji, watu wote wanashika vifua, kisha anatoka mbele akiwa bado amesimama. Kadiri alivyozama ndani na kukawia, ndivyo alama inavyokaribia kumi. Asipotoka, hana kitu.

"Kama deni ya kilabu," mmoja alisema. "Kuingia ni kwepesi."

Kulikuwa na sheria nyingine moja, na hiyo naomba msomaji aishike, kwa maana ndiyo inayoniuma mpaka leo. Kila wimbi lina mwenyewe: yule aliye karibu zaidi na mahali linapovunjikia. Mwingine akimkatia njia, anayepunguziwa ni yule aliyekata, na aliyekatiwa anaruhusiwa kupanda wimbi jingine la nyongeza. Niliieleza vizuri sana sheria hiyo. Nilichora hata mchoro kwenye katoni.

"Na kwetu iko," alisema shemeji yangu.

Huyo ni mdogo wa mke wangu, mzaliwa wa Vuhovi, kijana wa kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwaka kama tanuru la matofali. Kazi yake ni kuchukua viazi na kabichi pale malori ya Kipese yanaposhushia na kuvipeleka sokoni. Aliwaeleza wenzake wadogo, nami nikasikiliza: mwenye mzigo ndiye mwenye barabara. Wewe unayeshuka na chukudu tupu, hata uwe unashuka kama radi, ukikutana na iliyojaa inasukumwa kupanda, unakanyaga breki, unatoka pembeni. Mtu aliyesimamishwa na mzigo katikati ya mlima hawezi kuanza tena. Mzigo unamrudisha chini, na yeye yuko chini ya mzigo.

Chukudu aliyokuwa akiisukuma haikuwa yake. Ilikuwa ya tajiri mmoja wa sokoni, ambaye mizigo mizuri ya asubuhi alimpa mwanawe, na shemeji akaachiwa ile ya mchana, wakati kabichi zimeshanyauka na wateja wameshakuwa wakali. Tangu atoke Vuhovi alikuwa na ombi moja tu mbinguni: chukudu ya kwake mwenyewe. Kwa hiyo vijana wa kata walipoamua kufanya mashindano ya kuteremka mlima wetu kwa alama, kama wale wa televisheni, na fundi seremala akakubali kuchonga chukudu mpya ya mti mgumu, yenye rulma, zile beringi za chuma, ndani ya magurudumu, iwe zawadi, shemeji aliacha kula. Naongeza chumvi. Aliacha kula polepole.

Na mwamuzi mkuu, nani tena? Prof wa kuchaji simu. Walikuja kunitafuta kibandani kwa heshima kama wanatafuta askofu.

Mke wangu alikuwa anaosha maharagwe niliporudi na habari hiyo.

"Utakaa ku benchi ya kuhukumu ndugu yangu?" aliuliza.

"Sitamupendelea. Alama ya juu inakatwa, ya chini inakatwa. Ni sayansi."

"Mimi hapana sema juu ya kupendelea. Wewe ni mukwe. Mukwe anakaa wapi?"

Nilijua anakaa wapi. Kwetu Wanande, familia ikikutana kukata maneno yake, mkwe anakaa karibu na mlango. Yeye ndiye anayemimina kasiksi, pombe yetu ya ndizi, anapeleka kikombe kwa huyu na kwa yule, anasikia yote na hasemi nani ana makosa. Waliokupa mke hawahukumiwi na wewe. Hata wakikosea juani mbele ya kuku wote, wewe unamimina.

"Huo si mkutano wa familia," nikamwambia. "Ni mchezo."

"Sawa, baba ya batoto. Ukisema ni mchezo."

Mlima tuliutengeneza kwa mikono. Kwenye kona ya kwanza tuliinua ukuta wa udongo, ili mtu aupande na kuukata kama ukingo wa wimbi. Chini yake tukalundika kichuguu cha kurukia. Halafu bomba. Bomba letu lilikuwa maajabu. Nadhani wenye bahari yao wangeliona wangejificha. Tulikunja mianzi, tukafunika kwa bache, yale maturubai ya malori, ikawa shimo refu lenye giza, la chini hivi kwamba lazima ulale kifudifudi kwenye chukudu na kidevu kiguse ubao, huku chini mvua imeshachimba mifereji yake. Kona ya mwisho iliachwa wazi kwa kufagia: unaitupa nyuma ya chukudu mpaka inasimama upande na vumbi linawafunika wenye viatu vyeupe. Kila mmoja angeshuka mara tatu, mbili bora zihesabiwe.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, na baada ya ibada ya Waprotestanti pia, tuliwangoja wamalize. Watu walijaa mpaka juu ya mapaa. Benchi la waamuzi lilikuwa na fundi seremala, mchungaji mmoja mcheshi, mama mkubwa wa wauza mboga, mwalimu wa mazoezi ya viungo, na mimi katikati, nimevaa koti nililovaa siku ya diplome.

Kutoka Beni walikuja watatu, barabara ikiwa tulivu majuma hayo. Mmoja wao alivaa soksi ndefu za manjano mpaka magotini.

"Beni hakuna mulima!" watu walimpigia kelele. "Ulijifunzia ku ngazi ya kanisa?"

"Nilijifunzia ku mugongo ya bibi yako!" akawajibu, akainama kwa adabu upande wa benchi letu. Mlima ukampenda papo hapo.

Na alikuwa hodari, siwezi kusema uongo. Aliukata ukuta, akaruka kichuguu na mguu mmoja hewani, akalala ndani ya bomba, akatoka na kufagia mpaka mchungaji akakohoa vumbi. Mbili zake bora zilifika kumi na tatu na nukta saba.

Shemeji, mara ya kwanza, aliruka kichuguu kama ndege na kutua kwa makalio; haikuwepo. Mara ya pili alipata saba kamili. Kwa hiyo mara ya mwisho alihitaji kupita sita na nukta saba, chukudu iwe yake. Hesabu hiyo niliifanya haraka kichwani, na nilijiambia niisahau. Nani anaweza kusahau hesabu?

Akaachia. Aliupanda ukuta mpaka juu kabisa, pale ambapo hakuna aliyefika, udongo ukaruka. Akashuka kutoka ukutani moja kwa moja mpaka kichuguu bila kupumzika, akaruka, akatua kwa magurudumu yote mawili, akalala, akaingia bombani. Watu wote wakashika vifua. Halafu akachomoka upande wa chini, kofia imejaa matope, na kelele iliyopigwa naamini ilisikika Vuhovi na mama mkwe akageuza kichwa.

Kijana wa kulinda kamba ya kufunga barabara kwenye kona ya mwisho alikuwa ameacha kamba yake apande kuona bomba. Na kupitia pale pale ilikuwa inapanda chukudu iliyojaa magunia ya viazi, mzigo mrefu kama nyumba, mwanamume anavuta mbele, wanawake wawili wanasukuma nyuma, vichwa chini. Hawakujua habari za mashindano yetu. Walikuwa katikati ya barabara.

Upande wa kushoto palikuwa na nafasi. Nyembamba, lakini mtu wa soksi za manjano angepita, na angefagia mbele yao watu wakazimia. Shemeji alikanyaga breki. Tulisikia mpira ukilia juu ya gurudumu. Akatoka pembeni mpaka kwenye mfereji, akashuka, akasimama na kuishika chukudu yake mkononi mpaka viazi vyote vilipopita. Mwanamke mmoja alimwambia, "Wasingya," asante ya Kinande, bila kuinua kichwa. Kisha shemeji akapanda tena na kumalizia mteremko taratibu, bila kufagia, kama mtu anayerudi nyumbani kutoka dukani.

Kila mwamuzi alikuwa na kibao cha shule na chaki. Yangu ilikuwa inaandika saba. Mkono ulishaanza kuchora ule mstari wa juu. Nyuma ya benchi letu sauti ya mtu, sikujua ya nani na sikugeuka, ikasema, "Sasa tutaona. Bokilo atamukata bokilo?" Wengine wakacheka, maana bokilo ndiyo shemeji.

Niliandika nne.

Nilikuwa na sababu, na zote zilitoka kitabuni kama sura za mtihani: mbinu ya mwisho haikumalizika, mtiririko ulikatika. Ile sheria ya nyongeza, ya mtu aliyekatiwa njia, ambayo ingempa shemeji mteremko mwingine, ilisimama kooni mwangu kama mfupa wa samaki. Wenzangu wanne hawakuijua. Mimi ndiye nilikuwa na jukumu la kuisema. Nilikohoa. Watu wakadhani ni vumbi.

Mama wa mboga alikuwa ameandika saba, mchungaji saba, mwalimu sita na nusu, fundi sita. Nne yangu ikakatwa kwa kuwa ya chini, saba moja ikakatwa kwa kuwa ya juu. Zilizobaki zilimpa sita na nusu. Jumla yake kumi na tatu na nusu. Chukudu mpya ikapanda lori kwenda Beni, na mwenye soksi za manjano akakaa juu yake kama mfalme.

Shemeji alipiga makofi. Kisha akaja kwenye benchi, akanipa mkono, wa pili ukishika kiwiko, kama anavyomsalimu mume wa dada yake siku zote.

"Kazi muzuri, juge," alisema, akiniita mwamuzi kwa Kifaransa.

Jioni ile nilisifiwa kuliko siku ya diplome. "Ule ndiye mutu wa haki! Alikata hata bokilo yake!" Walininunulia soda, nikashindwa kuimaliza, mimi ambaye naweza kumaliza kreti. Mchungaji aliona uso wangu, akanifuata njiani.

"Usijisumbue, ndugu. Ile nne yako ilikatwa. Donc ni kama haukuandika kitu."

Nikapona palepale. Nilitembea nikipiga mluzi mpaka karibu na nyumba, na hapo ndipo hesabu za jioni zikanikamata. Moja lazima ikatwe kwa kuwa ya chini. Mimi nilipoandika nne, iliyokatwa ni nne yangu. Kama ningeandika ile saba yangu, iliyokuwa ya chini ingekuwa sita ya fundi, na ndiyo ingeondoka; zingebaki saba, saba, na sita na nusu. Gawanya. Inapita sita na nukta nane. Shemeji angeshinda kwa kitu chembamba kama jani la kitunguu, lakini angeshinda.

Nilimweleza mke wangu, nikichora kwa kidole mezani, juu ya unga wa muhogo uliomwagika. Alifuata hadi mwisho. Yeye hakwenda masomo ya jioni, alibaki na watoto ili mimi niende.

"Kumbe ilikatwa," alisema, "mais kwanza ilikata."

Akafuta meza.

Siku zilizofuata televisheni ya kibandani niliiweka kwenye muziki. Watu wa chukudu walikuja kama kawaida, walinitania kama kawaida, na shemeji alileta simu yake kama kawaida, na hilo ndilo lililonitesa. Angenuna, ningejua la kufanya. Mimi na kununa tunafahamiana. Alikuwa anaingia, anasalimia, anatoka kwenda kusukuma chukudu ya tajiri na kabichi zake zilizonyauka.

Nilipanda gari kwenda Beni. Kila mtu nilimwambia naenda kutafuta betri, na betri nilinunua kweli, nzuri, ipo mpaka sasa. Lakini njia nzima nilikuwa nikijifunza maneno ya kumwambia mtu wa soksi za manjano. Nilikuwa nimeyapanga vizuri: kwamba kulikuwa na kosa la sheria, kwamba mshindi wa kweli hupenda kurudia, kwamba Butembo ni ya wote.

Nilimkuta kandokando ya ghala, amevua soksi, anapakia magunia ya kakao kwenye ile chukudu. Tayari ilikuwa na makovu ya kazi. Juu ya ubao wa mbele alikuwa amepigilia sandali kuukuu kwa ajili ya goti, na kwenye usukani mtoto wake mdogo alikuwa amefunga utepe.

"Juge!" alipaza sauti. "Umekuja kuniongezea alama?"

Maneno yangu yote yaliyopangwa yakatawanyika kama kuku. Nilimweleza ukweli tu, na ile sheria ya wimbi la nyongeza. Alisikiliza akiwa amekaa juu ya kakao.

"Hata huku mwenye mizigo ndiye mwenye barabara," alisema mwishowe. "Mimi pia ningesimama. Labda. Siku ile, na watu wale wote?" Akacheka, akasugua goti lake. "Tuseme labda. Sasa unataka nikurudishie chukudu?"

"Hapana," nikasema, na nikashangaa kuona ni kweli.

"Nilifikiri vile. Juge, mimi nilishuka vizuri."

"Ulishuka vizuri sana."

"Basi enda umuambie yule uliyemukosea. Mimi haukunikosea."

Kwa hiyo nilikwenda Vuhovi. Nilimwomba shemeji awepo, akaja, kofia kichwani. Mke wangu alitangulia na kapu la vyakula. Nilikuwa nimeshika kamba ya mbuzi, kwa sababu kosa la mkwe haliendi mikono mitupu, na mbuzi alikuwa mkubwa kiasi kwamba watoto wa njiani waliuliza kama ni ndama. Baba mkwe alimwangalia mbuzi, akaniangalia mimi. Wazee wawili wa ukoo walikuwa wameketi kwenye benchi. Nilikwenda kuketi pembeni yao, na baba mkwe akanyoosha kidole, bila hasira yoyote, kwenye kigoda cha mlangoni.

Nikakaa mlangoni. Mtungi ulikuwa hapo hapo. Nikamimina kwa wote, nikaanza kueleza, nikajikuta naeleza bomba, na kuruka, na mawimbi mawili bora, mpaka mzee mmoja akauliza kama hayo maji yako Uganda. Nikafika kwenye nne. Nikafika kwenye kile kilichokatwa na kile ambacho kingekatwa. Shemeji alikuwa anazungusha kikombe chake.

"Shemeji," alisema. "Ile sheria ya kurudilia, ulisahau?"

Hapo palikuwa na mlango mpana wa kutokea, nami mlango naupenda.

"Hapana," nilisema. "Niliikumbuka."

Akaweka kikombe chini.

"Heri ungesahau."

Mama mkwe, kutoka jikoni, aliacha kupiga unga na mwiko. Baba mkwe alikunywa mpaka mwisho, akarudisha kikombe kwangu nijaze, nikajaza.

"Mbuzi urudishe," alisema. "Tukimukula leo, kesho tumesahau, na wewe wa kwanza. Mutoto yangu anasukuma peke yake ku mulima yenu. Siku ya soko, wewe uko wapi?"

"Ku kibanda, baba."

"Kibanda iko na mutoto ya kukilinda?"

"Mama ya batoto anaweza kukilinda."

"Basi."

Ndiyo hukumu yote. Mzee mwingine aliongeza kwamba mbuzi ni mkubwa kweli, akamwangalia kwa masikitiko mpaka tulipoondoka naye.

Tangu hapo, siku ya soko, mke wangu anakaa kwenye chaja na mimi niko nyuma ya chukudu ya tajiri. Shemeji anavuta mbele, mimi nasukuma, bega kwenye gunia. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kusukuma viazi vizito kama vile; nadhani Kipese huvijaza mawe wakijua ninakuja. Kwa kuwa tuko wawili anafanya safari nyingi zaidi, na tajiri ameanza kumpa hata mizigo ya asubuhi. Chukudu ya kwake bado hana. Kila ninapoipita ile kona ya mwisho naangalia upande wa kushoto, ile nafasi nyembamba. Imejaa majani sasa.

Juzi tulikuwa tunapanda mbele ya kibanda changu, mvua imeacha utelezi, na wateja wote wametoka nje kunitazama kama sherehe. Mama mkubwa wa wauza mboga, yule tuliyekaa naye kwenye benchi, alisimama na sinia yake kichwani.

"Juge! Diplome ndiyo inasukuma vile?"

"Ni diplome yenye nguvu, mama!" nilimjibu, pumzi ikiniishia.

"Wewe wa kofia," akamwita shemeji. "Huyu musukumaji, unamupatia ngapi?"

Shemeji hakugeuka. Alikuwa ameinama, mishipa ya shingo imetoka.

"Ine," alisema.

Watu wakaangua kicheko mlima mzima. Alivuta hatua nyingine, akapumua.

"Mais ile watakata."

Nilicheka kuliko wote. Sauti yangu ni kubwa, kila mtu anaijua. Wakati nacheka, gurudumu liliteleza, mzigo ukaanza kurudi nyuma kuja kwangu, na shemeji akapiga kelele, "Sukuma!" Nikafunga mdomo, nikaweka bega.